Nukta za Mama Bariki

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe nne Machi, saa nne asubuhi, kwenye ukuta wa darasa la saba.

Ndipo walipommulika kwa projekta marehemu mke wangu.

Hawakumulika sura yake, walimulika namba zake. Elieshi, mwenyekiti wa kamati ya maji, alisimama mbele yetu na fimbo mkononi kama mwalimu wa zamu. Nyuma yake mstari mwekundu ulishuka kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini, kama mtu anayeteleza kwenye tope.

"Ndugu zangu, huu ndio mfereji wa juu," akasema. "Miaka miwili unakufa. Siyo maneno yangu. Ni vipimo vya Mama Bariki mwenyewe, Mungu amlaze pema. Yeye ndiye aliyepima, yeye ndiye aliyetuma."

Watu wakanigeukia. Baba Bariki ni mimi.

"Kwa hiyo kamati imeamua. Ijumaa fundi anamwaga zege pale kwenye banio, maji yanapotoka mtoni. Mfereji wa juu tunauziba. Maji yote yataingia kwenye bomba la chini."

Bomba la chini linapita shambani kwake. Hilo hakulisema.

Nikasimama. "Mwenyekiti, maji ya mfereji huo nayaona kila siku. Jana tu yamenifika magotini."

"Mzee Sadoki, macho siyo kipimo."

"Na huo mchoro wako ndio kipimo?"

"Hii ni grafu, mzee wangu. Grafu unaijua?"

Wakacheka. Mpaka watu niliowachimbia makaburi ya wazazi wao wakacheka. Niliishia darasa la nne, kila mtu huku mlimani analijua hilo, na kila mtu ana siku yake ya kunikumbusha.

Kama hukuwa nami wiki zilizopita, habari ni hii. Penina, mke wangu, alifariki Novemba kwenye hospitali moja mjini. Mradi wa maji ulikuwa umempa kazi ya kusoma rula ya chuma iliyosimikwa mferejini, nyuma ya jiko letu, na ukampa simu ndogo ya kutuma vipimo. Kikapu chake kilirudi kutoka wodini na khanga, miwani na Biblia. Simu haikuwemo. Nikawatukana manesi, mlinzi akanitoa nje. Nikaipigia ile namba, nikaambiwa haipatikani. Nikakata tamaa.

Tukamzika kando ya mfereji, kwenye migomba, kama alivyotaka. Na mfereji huo ndio wanaotaka kuuziba, halafu waseme ni yeye aliyeuziba.

Baada ya mkutano nikaenda ofisini kudai namba. Mradi unasema mwanachama yeyote ana haki ya kuziona. Karani akanipa flashi huku anatabasamu.

"Chukua, mzee. Utazitazama kwa miwani gani?"

Jioni nikampigia mwanangu. Bariki amepanga chumba Sakina, mjini, anaendesha magari ya watalii. Nilitegemea atakasirika kuliko mimi.

"Baba, achana na hayo," akasema.

"Niachane na kaburi la mama yako?"

"Kaburi halihami, baba. Kamati wanajua wanachofanya. Halafu mimi kesho saba kamili asubuhi naingia porini na wageni, narudi Jumamosi. Tutaongea."

"Saba asubuhi ndiyo saa gani hiyo?"

"Saa za wageni, baba. Lala salama."

Akakata simu. Jumamosi. Zege ni Ijumaa. Nikajisemea, huyu naye wamemlisha nini?

Asubuhi nikammwagia mahindi bata mzinga wa Penina. Ndiye bata mzinga pekee kitongoji kizima, na majirani hawampendi kwa kelele zake. Penina alimwita Mheshimiwa, maana hujivimbisha kifua siku nzima na hakuna kazi anayofanya. Nikafunga geti kwa kufuli, ufunguo mfukoni, nikashuka mjini.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amenielekeza Kaloleni, kwenye duka la kutoa kopi la Jabiri. Ndani kuna mpwa wake, Zuleha, binti aliyesomea takwimu chuoni, kazi akakosa. Sasa anawachakatia namba wanafunzi wanaoandika tasnifu zao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye unayechora grafu?"

"Kompyuta ndiyo inayochora. Mimi naipa maagizo."

"Na wewe nani anakupa maagizo?"

Akanitazama. "Leo ni wewe, baba. Karibu kiti."

Sikukaa. Nilitaka niwe karibu na mlango.

Akachomeka flashi. Zikatokea safu za namba, kama siafu. Akanionyesha: hii tarehe, hii saa, hiki kina cha maji, hii namba ya simu iliyotuma. Akaandika mistari yake ya maagizo, akabonyeza.

Mstari mwekundu ukatokea, unateleza kutoka juu mpaka chini. Uleule wa Elieshi!

"Wamekununua lini?" nikamwuliza.

"Astaghfirullah! Baba, ndiyo kwanza nimefungua."

"Basi mbona umechora kitu kilekile?"

"Kwa sababu ndani ya flashi kuna maagizo waliyotumia wao. Nimeyafuata kwanza, nione walipitia wapi. Subiri, mzee wangu, presha itapanda."

Akafuta mstari, akabakiza nukta tupu. Kila nukta, akasema, ni siku moja ya kupima.

Hapo hata mimi wa darasa la nne nikaona. Kushoto juu kulikuwa na nukta chache, kulia chini zimejazana. Katikati peupe, kama uwanja wa mpira siku ya mvua. Mstari ulikuwa umeruka peupe pote pale, ukaunganisha kona na kona kama mtu aliyeruka mfereji bila kulowa.

"Hizi za kushoto ni za nani?"

"Za mtaalamu wa mradi, wiki aliyokuja kusimika rula."

"Na katikati?"

"Hakuna vipimo."

"Hakuna? Penina alipima kila siku ya Mungu! Mvua, jua, mafua, alipima! Wamezifuta!"

"Hazijafutwa, baba. Kwenye safu zimo, nimeziona. Ila tukifika kwenye kuchora hazitokei. Na sijui kwa nini."

"Hujui?"

"Sijui. Nikisema najua nitakuwa muongo."

Akaandika hiki, akaandika kile. Kompyuta ikamjibu kwa maandishi mekundu. Akasonya. Akachukua simu yake, akaanza kubonyeza kwa vidole viwili, haraka sana.

Nikamsogelea. "Unamwandikia nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Kuna kundi letu mtandaoni, la watu wanaotumia programu hii. Mtu akikwama anaweka mistari michache ya takwimu zake, wenzake wanamsaidia."

"Unawajua?"

"Wengine siwajui hata sura."

"Unawapa maji yetu watu usiowajua hata sura?"

"Nimeweka mistari sita, baba. Kijiji sijataja, namba za simu nimeficha."

"Na watakulipisha nini?"

"Bure."

Nikacheka kicheko kibaya. "Binti yangu, hakuna cha bure. Hata kanisani sahani inapita."

Jabiri akachungulia kutoka kwenye mashine ya kopi. "Mzee, huyu hata sukari ya jirani hajui kuiomba, atauza maji ya kijiji kizima?"

Sikucheka naye. Nikachomoa flashi, nikatoka. Nyuma nikamsikia Zuleha analalamika, "Ah, baba! Haichomolewi hivyo!"

Nikavuka barabara, nikaagiza chai kwa mama mmoja. Nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu, na mtu wa kumlaumu huku kwetu hatafutwi mbali.

Pikapu nyeupe ikasimama mbele yangu. Nyuma imepakia saruji hadi matairi yamekaa chini. Dirisha likashuka. Elieshi.

"Mzee Sadoki! Vipi, umeipata miwani?"

Akacheka, akaondoka.

Chai ikanipalia. Maneno ya miwani aliniambia karani, ndani ya ofisi, tukiwa wawili tu. Kwa hiyo wanasimuliana. Kwa hiyo wanajua niliko. Na hapa Kaloleni amejuaje? Ni nani mwingine zaidi ya yule binti na vidole vyake viwili?

Nikarudi dukani mbio, nimkamate na simu mkononi.

Nikamkuta nayo kweli. Akainua kichwa, uso umemng'aa.

"Baba! Afadhali umerudi. Keti. Nikuulize kitu kimoja tu."

"Nianze mimi. Elieshi unamjua?"

"Elieshi ni nani?"

"Mwenye pikapu nyeupe."

"Baba, mimi mwenye baiskeli simjui. Niambie: mama alikuwa anapima saa ngapi?"

Nikaketi. "Saa moja asubuhi. Kabla hata ya kuwasha moto."

"Na kwenye simu aliandika saa ngapi?"

"Saa moja. Ulitaka aandike saa ngapi?"

Akapiga meza. "Basi Namnyaki amepatia!"

Namnyaki ni mmoja wa wale watu wa bure. Zuleha hajawahi kumwona, anajua tu kwamba anashughulika na takwimu za maziwa huko Longido. Akanisomea majibu yake: "Waulize wapimaji wako saa zao ni za Kiswahili au za Kizungu. Na mimi yalinikuta. Kina mama waliandika saa moja, kompyuta ikadhani ng'ombe wanakamuliwa usiku wa manane."

"Sijaelewa," nikasema.

"Kompyuta haijui saa zetu, baba. Ukiiandikia moja, yenyewe inajua ni saa saba ya usiku. Asubuhi ya mama, kwake, inaandikwa saba."

"Penina apime saa saba usiku? Penina alikuwa anaogopa hata chura!"

"Ndiyo hivyo. Sasa niambie, usiku mfereji unakuwaje?"

"Usiku maji tunayageuza, yanajaza bwawa la juu. Alfajiri tunafungulia."

"Ndiyo maana! Maagizo yao yanasema vipimo vya usiku visihesabiwe, kwa sababu usiku mfereji hauna maji. Basi kompyuta ikachukua vipimo vyote vya mama, ikaviweka kando. Hakuna aliyeviiba, baba. Hakuna aliyemwuliza mama anatumia saa gani, basi."

Hakuna aliyemwuliza. Watu wa semina na chai ya vitafunio. Wakampa rula, wakampa simu, wakampiga picha ya ripoti. Kumwuliza swali moja wakashindwa.

Zuleha akaandika agizo jipya: kila palipo na moja, isomeke asubuhi. Akabonyeza.

Pale peupe pakajaa.

Sijui niwaelezeje. Nukta zilipangika kutoka ukingo hadi ukingo, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, zote juu, juu kabisa, maji tele. Kila moja ni asubuhi ya Penina. Kila moja ameshuka na kandambili zake, amekunja khanga, ameinama kwenye rula. Nikatafuta leso, nikajifanya nakohoa.

"Hapa kuna kipengo," Zuleha akasema taratibu. "Aliumwa?"

Nikatazama tarehe. "Hapo tulikuwa matangani, msiba wa dada yake. Kwetu, mfiwa hagusi mfereji mpaka matanga yaanuliwe. Mradi walishaambiwa, siku hizo hapimi mtu."

"Basi grafu yako ndiyo hii, baba. Mfereji mzima wa afya."

Nikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba nikahisi njaa ya kweli. "Nitolee kopi! Nitolee kubwa, nikaibandike kwenye pikapu ya Elieshi!"

Jabiri akapiga kelele, "Rangi au nyeusi, mzee?"

"Rangi!"

"Subirini," Zuleha akasema.

Hakuwa anacheka tena.

"Hizi za kulia, za chini, bado zipo. Ngoja nitenganishe. Walioandika moja niwape bluu, walioandika saba niwape nyekundu."

Kioo kikabadilika. Bluu, bluu, bluu, asubuhi zote za Penina. Kisha ghafla, kama mtu aliyeanguka genge, nyekundu. Zote chini. Hakuna mteremko. Siku moja maji yako juu, kesho yake yako chini.

"Maji hayaanguki hivi," akasema. "Au kuna mtu aliuziba?"

"Hakuna aliyeziba. Napita pale kila siku."

"Basi huyu anayeandika saba anatuma uongo. Baada ya mama, mradi uliweka nani apime?"

"Hawajaweka mtu. Wanasema bajeti."

Akasogeza mpaka kwenye safu ya namba za simu. Akaitazama. Akapanda juu, akashuka chini, akapanda tena.

"Baba, soma hapa. Namba hii unaijua?"

Nikatoa simu yangu, nikaitafuta, nikalinganisha tarakimu moja moja kwa kidole. Kwenye simu yangu namba hiyo imeandikwa jina: Mama Bariki.

"Mama alilazwa lini?"

Nikamwambia.

"Nyekundu zimeanza kesho yake." Akashuka chini kwenye safu. "Na alifariki lini?"

Nikamwambia hilo pia. Akaondoa mkono kwenye kipanya kama kimemwunguza.

"Innalillahi. Zinaendelea, baba. Siku ya mazishi ipo nukta. Siku za matanga zote, nukta. Mpaka wiki iliyopita."

Siku za matanga. Siku ambazo hata watoto wanakatazwa kuchota. Kuna mtu alikuwa anasoma rula, au anajifanya anasoma, huku sisi tumekaa chini tunalia.

Kwa hiyo simu haikupotea wodini. Wale manesi niliwatukana bure.

"Aliyeishika simu hii hana mazoea ya saa zetu," Zuleha akasema. Aliongea polepole, kama anayekanyaga utelezi. "Anaandika saba. Baba, usinielewe vibaya. Kwako nyumbani kuna mtu anayetumia saa za Kizungu?"

Kuna maneno ukiyatoa mdomoni hayarudi. Nikatazama mashine ya kopi. Nikatazama kalenda ukutani. Nikatazama viatu vyangu.

"Wengi tu siku hizi," nikasema mwishowe. "Hata Elieshi, saa yake ya mkononi ni ya namba za Kizungu."

"Sawa, baba."

Hakuniamini. Nami sikujiamini.

"Ipigie," Jabiri akasema. Alikuwa ameacha kopi zake, amesimama nyuma yetu. "Si namba unayo? Ipigie."

"Haipatikani. Nilishapiga wakati wa msiba."

"Msiba umepita. Ipigie."

Nikabonyeza jina la mke wangu. Zuleha akaiwekea simu sauti ya nje, akailaza mezani katikati yetu.

Ikaita.

Ikaita tena.

Ikapokelewa.

"Haloo?" nikasema. "Haloo! Wewe nani?"

Hakuna aliyejibu. Lakini kulikuwa na mtu, pumzi yake tuliisikia. Na nyuma ya pumzi yake, maji. Siyo maji ya bomba. Maji yanayopita kwenye mawe, kwa sauti ninayolala nayo na kuamka nayo.

"Jina lako nani? Simu hiyo ni ya mke wangu!"

Pumzi ikakatika, kama mtu aliyejiziba mdomo.

Halafu, kwa mbali kidogo, ikasikika kelele ambayo katika kitongoji chetu hakuna anayeipiga ila mmoja. Ya kujivimbisha kifua. Ya kudai mahindi.

Mheshimiwa.

Simu ikakatwa.

"Baba?" Zuleha akanishika mkono. "Baba, ile ni sauti ya nini? Ni wapi kule?"

"Ni kwangu."

"Umemwacha nani nyumbani?"

"Sijamwacha mtu."

Nikaingiza mkono mfukoni. Ufunguo wa geti ulikuwemo. Zimetengenezwa funguo mbili tu kwa kufuli lile. Wa pili anao Bariki, na Bariki kanitumia ujumbe leo asubuhi kwamba ameshaingia porini, mtandao mbovu, nisimtafute.

Ijumaa ni keshokutwa. Saruji imeshapanda mlimani. Grafu ya kuuokoa mfereji ninayo mkononi, ya rangi, bado ina joto la mashine. Ila nikiibandika ukutani, kila mtu ataziona nyekundu, na kila mtu ataniuliza swali ambalo binti wa Kaloleni ameniuliza na nimeshindwa kulijibu.

Ni nani aliyesimama sasa hivi kando ya kaburi la Penina, na simu ya Penina mkononi?